Njia ya Kwenda Shule: Kuchagua Pa Kununua Nyumba Salamabila

Nyumba inayouzwa Salamabila hupimwa kwa vyumba, kwa ukuta na kwa paa. Matofali ya kuchoma hupandisha bei, ya udongo mbichi huishusha. Mabati, ambayo wenyeji wengi huyaita manjanja, huitenga nyumba ya mwenye nacho na ile iliyoezekwa kwa nyasi. Familia yenye watoto wadogo, hata hivyo, hununua na kitu kingine kisichoandikwa popote kwenye karatasi ya mauzo, nacho ni njia ya kutoka mlangoni hadi darasani. Mtoto ataikanyaga njia hiyo mara mbili kwa siku kwa miaka sita ya shule ya msingi. Ikiwa mbaya, ukuta wa matofali ya kuchoma hautamsaidia kitu.

Salamabila iko katika teritwari ya Kabambare, kusini mwa jimbo la Maniema, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kwa sikio la Mswahili jina lake ni kama sentensi iliyokatizwa, salama bila kusema bila nini, na kwenye makaratasi ya afya huandikwa Saramabila. Upande wa magharibi uko Kasongo, mji mkubwa wa kusini mwa Maniema. Upande wa mashariki njia huelekea Lulimba na Fizi, Kivu Kusini, na huko ndiko zinakotokea bidhaa zinazovuka Ziwa Tanganyika. Kilichoukuza mji ni dhahabu ya Namoya, mgodi ulio jirani. Dhahabu hiyo inajulikana tangu miaka ya 1930, ikachimbwa na Wabelgiji, ikaingia mikononi mwa kampuni ya SOMINKI iliyoundwa mwaka 1976, kisha Banro ya Kanada, ambayo ilianza uzalishaji wa kibiashara Januari 2016. Ugomvi kati ya kampuni, wachimbaji wadogo na wapiganaji wa Mai-Mai Malaika haukukoma, na Septemba 2019 kampuni ikasimamisha kazi.

Historia hiyo fupi inatosha kueleza kwa nini kuchagua nyumba kwa kuangalia shule ni jambo gumu hapa kuliko kwingine. Watu huja dhahabu inapoonekana na huondoka shimo linapokauka au risasi zinapolia. Shule iliyokuwa na watoto wa kujaza madarasa sita mwaka huu inaweza kubaki na benchi tupu baada ya mwaka mmoja, na nyingine, kilomita mbili tu kutoka hapo, ikafurika watoto wa waliokimbia vijiji vyao. Anayenunua nyumba ananunua kitu kisichohama karibu na kitu kinachohama.

Katika nchi tajiri jambo hili limechunguzwa sana. Mwaka 1999 mwanauchumi Sandra Black alichapisha utafiti kuhusu viunga vya Boston, Marekani, ambako mtoto hupangiwa shule ya msingi kulingana na mtaa anaoishi. Alilinganisha nyumba zilizo pande mbili za mpaka mmoja wa shule, mtaa uleule na majirani walewale, tofauti ikiwa shule tu. Aligundua kwamba pale alama za mtihani zilipozidi kwa asilimia 5, wazazi walikuwa tayari kulipia nyumba karibu asilimia 2.5 zaidi. Uingereza nayo ina mchezo wake: shule inayoombwa na watoto wengi kuliko nafasi zake mara nyingi huwapa kipaumbele wanaoishi karibu, na mita mia mbili zinaweza kuamua nani aingie na nani abaki nje. Huko mzazi akinunua nyumba amenunua haki ya kuandikishwa.

Kongo haina mipaka ya namna hiyo. Mzazi wa Salamabila anaweza kumwandikisha mtoto katika shule yoyote itakayompokea, ya mtaa wake au ya mtaa wa pili, ya dhehebu lake au la jirani. Hakuna ramani ya kununua wala mstari wa kuvuka. Kinachobaki ni umbali, na umbali una uzito hasa kwa sababu mtoto huenda kwa miguu. Pikipiki ipo, lakini kumlipia mtoto wa darasa la kwanza pikipiki kila asubuhi ni gharama ambayo familia chache za hapa zingeiweza, na wakati wa mvua hata wenye pikipiki hubaki nyumbani. Kwa hiyo ukaribu, ambao Boston hununuliwa kama haki, Salamabila hununuliwa kama nguvu za mtoto.

Kuishi kando ya shule si fikra mpya kusini mwa Maniema. Kasongo ulikuwa mji wa Tippu Tip na wafanyabiashara Waswahili na Waarabu kabla ya majeshi ya kikoloni ya Mbelgiji Dhanis kuuteka mwaka 1893, na elimu ya kwanza ya maandishi huko ilikuwa ya chuoni, watoto wakisoma Kurani kwa mwalimu wa mtaa. Kisha walikuja wamisionari Wakatoliki. Serikali ya kikoloni iliwapa misheni za Kikatoliki ruzuku ya kuendesha shule tangu miaka ya 1920, Waprotestanti wakasubiri hadi baada ya Vita Kuu ya Pili, na shule za serikali zisizo za dini kwa watoto Waafrika zilianza mwaka 1954 tu. Kwa mzazi Mwislamu wa Kasongo au Kabambare maana yake ilikuwa wazi: shule iliyokuwapo ilikuwa ya padre. Wengi walikaa nayo mbali. Waliobatizwa walisogea karibu na misheni, na hivyo mtaa wa shule ukawa mtaa wa dhehebu.

Alama ya zamani hiyo bado ipo katika majina ya shule. Mwaka 1974 utawala wa Mobutu ulizitaifisha shule zote za dini, na tarehe 26 Februari 1977, baada ya kuona mzigo ni mkubwa, ukazirudisha chini ya mkataba: serikali inalipa walimu na kupanga masomo, dhehebu linasimamia. Ndiyo maana shule ya msingi ya serikali inaweza kuwa ya Kikatoliki, ya Kiprotestanti, ya Kikimbangu, ya Kiislamu au isiyo ya dini yoyote, na zote zikafundisha masomo yaleyale na kufanya mtihani uleule. Katika jimbo linalojulikana nchini kwa wingi wa Waislamu, shule za Kiislamu za mkataba zimewaondolea wazazi wengi sababu ya kukaa mbali na darasa. Familia inayotafuta nyumba leo haina budi kujua shule ya karibu iko chini ya nani, kwa kuwa dhehebu ndilo lenye sauti kubwa katika kumpanga na kumhamisha mwalimu mkuu, na malalamiko ya mzazi hupelekwa kwanza kwenye ofisi ya dhehebu hilo.

Jambo la pili ni malipo. Ibara ya 43 ya Katiba ya mwaka 2006 inasema elimu ya msingi katika shule za umma ni ya lazima na ni bure. Ilichukua miaka kumi na mitatu neno hilo kutekelezwa: mwaka wa masomo ulioanza Septemba 2019 ndio wa kwanza ambao Rais Félix Tshisekedi aliamuru wazazi wasilipe. Kabla ya hapo mzazi alibeba mshahara wa mwalimu kwa michango iliyoitwa prime, na mtoto asiyelipiwa alirudishwa nyumbani katikati ya muhula. Benki ya Dunia iliunga mkono mpango huo kwa dola milioni 800 mwaka 2020. Matokeo yake ya kwanza yalionekana darasani kabla ya kuonekana kwenye hesabu: watoto walijaa. Shule nyingi zikagawa siku katika zamu mbili, asubuhi na mchana, ili chumba kimoja kitumiwe na madarasa mawili.

Zamu hizo zinagusa moja kwa moja uchaguzi wa nyumba. Mtoto wa zamu ya mchana hutoka darasani jioni, na njia inayopitika saa moja asubuhi si lazima ipitike saa kumi na moja jioni, wakati wachimbaji wanarudi na vibanda vya pombe vimefunguliwa. Mzazi anayeuliza shule iko umbali gani ameuliza nusu ya swali. Nusu ya pili ni zamu gani mwanawe atapangiwa, na kama zamu hubadilika kila muhula.

Kuhusu ubora wa shule yenyewe, macho ya mnunuzi hukimbilia jengo. Ni kosa linaloeleweka. Shule mpya ya matofali yenye paa linalong'aa huonekana kutoka mbali, na tangu mpango wa serikali wa maendeleo ya teritwari 145 uanze, majengo ya namna hiyo yamekuwa ahadi inayotajwa kila mkutano. Jengo zuri ni jema. Paa la mabati lisilo na dari, hata hivyo, lina tatizo linalojulikana kwa kila aliyefundisha chini yake: mvua kubwa ikianza, sauti ya mwalimu hupotea. Watoto humwona akifungua mdomo, hawasikii neno. Mwalimu mwenye uzoefu huacha kusema, huandika ubaoni, na darasa zima hunakili kimya huku ngoma ya mvua ikipiga juu ya vichwa. Darasa la kuta za udongo na paa la nyasi husikilizana vizuri zaidi, ingawa litavuja.

Kinachopita jengo ni mwalimu, na hapa kuna neno moja ambalo mnunuzi wa nyumba anapaswa kulijua: N.U. Ni kifupi cha maneno ya Kifaransa yenye maana ya vitengo vipya, na humtaja mwalimu anayefundisha bila kuingizwa bado kwenye orodha ya mishahara ya serikali. Aliyeingizwa husemwa amemekanizwa. Tofauti yake si ya ofisini tu. Mwalimu asiyelipwa atalima, atauza, au atashuka shimoni kuchimba, na dhahabu ikitoka vizuri hatarudi darasani wiki hiyo. Shule ya walimu sita ambao wanne ni N.U. inaweza kuwa na jengo la kupendeza na bado watoto wakacheza mpira hadi saa nne. Hata aliyemekanizwa hukosekana mara kwa mara, kwani mahali pasipo benki malipo hufanywa katika kituo maalumu, na kwenda na kurudi kwa miguu au kwa pikipiki hula siku za masomo kila mwezi. Shule iliyo karibu na kituo cha malipo hupoteza siku chache, faida ndogo ambayo hakuna muuzaji wa nyumba anayeitangaza.

Njia ya kuyajua haya si kumuuliza mwalimu mkuu, direktere kama anavyoitwa, aliye na kila sababu ya kuisifu shule yake. Kila shule ina kamati ya wazazi, COPA, na kamati ya usimamizi, COGES. Mama aliyemo katika COPA anajua ni mwalimu gani huja na ni nani huonekana siku ya mkaguzi tu. Vilevile kupita shuleni siku ya kawaida, saa moja baada ya kengele kugongwa, hufundisha kuliko maelezo. Kengele yenyewe mara nyingi ni rimu ya gurudumu iliyoning'inizwa mtini na kugongwa kwa chuma. Ikishanyamaza, mpita njia husikia: kutoka darasa moja sauti za watoto wakirudia pamoja, kutoka la pili kimya cha kuandika, kutoka la tatu makelele ya watoto wasio na mtu mbele yao. Kusikiliza huko kwa dakika tano kuna thamani.

Tarakimu nazo zipo, ila zinahitaji akili. Mwishoni mwa darasa la sita watoto hufanya mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi, uliojulikana kwa muda mrefu kama TENAFEP, na shule hujivunia matokeo yake. Shule iliyofaulisha watoto wote kumi na wawili imefaulisha asilimia mia moja. Ikiwa watoto hao waliingia darasa la kwanza wakiwa themanini, sifa ile inageuka swali. Hesabu yenye manufaa zaidi ni kulinganisha idadi ya watoto darasa la kwanza, la tatu na la sita. Inaposhuka ghafla kati ya darasa la tatu na la nne, kuna jambo. Huenda ni Kifaransa. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 inaruhusu lugha ya taifa itumike kufundishia, kwa kawaida katika miaka ya kwanza, na Maniema lugha hiyo ni Kiswahili. Baada ya hapo Kifaransa hushika hatamu, na mtoto aliyekuwa hodari hujikuta haelewi swali. Shule ambayo walimu wa darasa la tatu huendelea kueleza kwa Kiswahili huku wakifundisha Kifaransa hupoteza watoto wachache. Lakini kushuka kwa idadi kunaweza pia kutokana na dhahabu, na hilo si kosa la mwalimu.

Dhahabu ndiyo mshindani mkubwa wa shule. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza kazi mbaya kwa watoto, na sheria ya madini nayo haimruhusu mtoto machimboni. Mvulana wa miaka kumi na moja hata hivyo anaweza kuosha mchanga, kubeba maji au kuuza vitumbua kwa wachimbaji, akarudi nyumbani na pesa ambayo hajawahi kuiona kwa mwalimu. Nyumba iliyo kati ya shule na machimbo humpitisha mtoto mbele ya pesa hiyo kila siku. Nyumba iliyo upande wa pili wa shule, machimbo yakiwa nyuma yake, humfikisha darasani kwanza. Tofauti ya bei kati ya hizo mbili mara nyingi huenda kinyume na maslahi ya mtoto, maana iliyo karibu na machimbo ndiyo inayopangishwa kwa urahisi na ndiyo inayouzwa ghali. Machimbo yaliyoachwa yana hatari nyingine: mashimo hujaa maji ya mvua, nyasi huota pembezoni, na mtoto anayekatiza njia haoni ukingo.

Kosa linalorudiwa sana ni la majira. Kusini mwa Maniema kiangazi huanza karibu Juni na kuendelea hadi Septemba, kipindi ambacho ndani yake shule hufungwa. Ndio wakati ambao watu hununua na kujenga, kwa sababu matofali hukauka na barabara hupitika. Mnunuzi anayekagua nyumba mwezi wa nane huona kijito kinachovukwa kwa hatua mbili juu ya mawe, na shule iliyo tupu na tulivu ng'ambo yake. Mwezi wa kumi na moja kijito kilekile kimefika kiunoni kwa mtu mzima, daraja la magogo limesombwa, na watoto wa upande ule hawaonekani shuleni kwa siku tatu mfululizo. Alama za maji kwenye magome ya miti na kwenye kuta za nyumba zilizo bondeni zinasema ukweli hata wakati wa kiangazi. Majirani nao husema, wakiulizwa watoto wao walikosa shule siku ngapi mvua zilizopita. Asiye na haraka hupanga chumba kwa muhula mmoja wa mvua kabla ya kununua, na akiba anayoipata kwa kutokosea ni kubwa kuliko kodi aliyolipa.

Suala la usalama haliwezi kuachwa nje, ingawa hakuna mtaa unaoweza kuhakikishiwa. Mapigano ya kuzunguka Namoya yamewahi kuwafukuza watu na kufunga madarasa. Shule za pembezoni hufungwa kwanza na hufunguliwa mwisho, kwa kuwa walimu wake hukimbilia katikati ya mji kama watu wengine. Shule ya katikati hupokea wanaokimbia, na wakati mwingine madarasa yake hulaliwa na familia zilizokosa pa kwenda. Familia ya kijijini inayonunua kiwanja kidogo katikati ya Salamabila huku ikiendelea kulima kwao mara nyingi imefanya hesabu hiyo: shamba libaki kijijini, watoto walale karibu na shule ambayo haifungwi kwa uvumi wa kwanza.

Yakishajulikana haya yote, bado kuna karatasi. Kisheria hakuna anayenunua ardhi Kongo. Tangu sheria ya Bakajika ya mwaka 1966 na sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, ardhi ni mali ya serikali pekee, na raia hupewa haki ya kuitumia, haki ya daima ikiwa ni mtu binafsi Mkongo. Kinachouzwa ni nyumba na haki hiyo. Hati yenye nguvu kamili ni ile ya usajili inayotolewa na mhifadhi wa hati za ardhi, ambayo ikishatimiza miaka miwili haiwezi kupingwa mahakamani. Salamabila wachache wanayo. Ardhi nyingi huko hushikwa kwa mila, na ingawa sheria ya mwaka 1973 iliahidi amri ya rais ya kufafanua haki za mila, amri hiyo haikutolewa. Kwa hiyo mauzo hufanyika mbele ya shefu na mashahidi: mipaka hupimwa kwa kamba au kwa hatua kutoka mti hadi mti, majirani wa pande zote nne husimama kila mmoja upande wake na kukubali, karatasi huandikwa kwa mkono, na vidole gumba huchovywa wino. Karatasi hiyo ina uzito mtaani. Mbele ya hakimu uzito wake hupungua, na mnunuzi mwenye busara huifuatisha na maombi ya hati hata kama itachukua miaka.

Sheria ya familia pia inahusika. Nyumba ya wanandoa haiuzwi bila makubaliano ya wote wawili, mume na mke. Karatasi yenye kidole cha mume peke yake ni mgogoro unaosubiri siku, na mara nyingi hufumuka mke anapokumbuka kwamba nyumba ile ndiyo iliyokuwa karibu na shule ya watoto wake.

Mgodi nao una karatasi zake. Leseni ya uchimbaji inaweza kufunika eneo lenye nyumba za watu, na mgodi ukipanuka waliomo huhamishwa kwa fidia. Fidia huhesabu ukuta, paa, miti ya matunda na mazao shambani. Haihesabu dakika kumi za kutembea hadi shule, na familia iliyohamishiwa kilomita tano mbali hupokea thamani ya nyumba na kupoteza njia. Anayenunua karibu na eneo la mgodi kwa sababu ya shule inafaa aulize kwanza kama mtaa huo umewahi kuhesabiwa kwa ajili ya kuhamishwa, maana nyumba iliyojengwa au kununuliwa baada ya hesabu kufungwa iko hatarini kuachwa nje.

Si kila familia inahitaji kununua. Desturi ya kumpeleka mtoto kwa mjomba au shangazi Kasongo au Kindu ili asome ni ya zamani na inafanya kazi pale nyumba ya ndugu ina nafasi na moyo. Upande wake mbaya ni kwamba mtoto wa kulelewa ndiye hutumwa maji kwanza na ndiye hufika darasani mwisho. Wengine hupanga. Na wanaohama Salamabila huondoka na sehemu ya nyumba: mabati huchomolewa msumari mmoja mmoja na kufungwa kwa kamba, mlango na madirisha hung'olewa, na kuta za udongo huachwa kwa mvua au huuzwa kwa bei ya kiwanja tu. Hii ni sababu ya ziada ya kutotia pesa nyingi mno ukutani katika mji ambao shule yake inaweza kuhama.

La mwisho ni muda. Kwa sheria ya 2014 elimu ya msingi haikomi darasa la sita. Ina miaka minane, na darasa la saba na la nane husomwa katika shule za sekondari, ambazo ni chache na ziko mbali zaidi kuliko za msingi. Familia yenye watoto watatu, mkubwa wa miaka sita, wa katikati miaka mitatu na mdogo mwaka mmoja, itahitaji shule ya msingi karibu na nyumba kwa miaka kumi na moja, tangu mkubwa aanze hadi mdogo amalize la sita. Mkubwa atahitaji la saba miaka sita kutoka sasa, na kuanzia hapo nyumba moja itakuwa na watoto wanaoelekea njia mbili tofauti kila asubuhi.